Mgeni na Nafasi Anayopewa: Je, Mwislamu Aigize Ubaya wa Watu Wake?



Ndugu zangu katika imani, swali ninalotaka tulitafakari pamoja katika toleo hili ni hili: kijana Mwislamu amehamia nchi ngeni, hana jina wala mtaji, na mlango wa kwanza anaofunguliwa katika fani ya filamu ni wa kuigiza mtu mbaya anayetoka katika watu wake mwenyewe. Je, aingie? Akiingia, amewauza ndugu zake au amefanya kazi kama wafanyakazi wengine? Na akikataa, amelinda heshima yetu au amemwachia tu nafasi mtu mwingine asiyejali?

Nimewasikia wenzetu wakijibu haraka, msikitini na bwenini. Wapo wanaosema kuigiza kwenyewe ni uongo, kwa hiyo hakuna haja ya kuuliza zaidi. Wapo wanaosema kazi ni kazi, mtu ale kwa jasho lake, na filamu ni filamu tu. Naona pande zote mbili zimeruka hatua. Mimi ni mwanafunzi tu wa masomo ya Kiislamu, si mufti, na ninachoandika hapa si fatwa. Ni jaribio la kulipanga swali vizuri ili tukienda kwa walimu wetu twende na swali lililonyooka.

Tuanze na mtu anayejulikana. Barkhad Abdi alizaliwa Mogadishu mwaka 1985. Vita vilipoiangusha serikali ya Somalia, familia yake ilikimbilia Yemen, na mwaka 1999, akiwa kijana wa miaka 14, wakahamia Minneapolis nchini Marekani, mji wenye Wasomali wengi. Kabla ya filamu aliwahi kuendesha magari ya kukodi na kuuza simu katika duka la nduguye. Mwaka 2011 ikatangazwa katika mtaa wao kwamba wanatafutwa vijana wa Kisomali wa kuigiza katika filamu. Wakajitokeza zaidi ya 700. Yeye na wenzake watatu, wote wa mji huo huo, wakachaguliwa.

Filamu ilikuwa Captain Phillips, iliyotoka mwaka 2013, ikiongozwa na Paul Greengrass, na nyota wake akiwa Tom Hanks. Inahusu tukio la kweli la Aprili 2009, maharamia wa Kisomali walipoiteka meli ya Maersk Alabama. Meli hiyo ilikuwa ikielekea Mombasa, na katika shehena yake kulikuwa na chakula cha msaada kwa ajili ya Somalia, Kenya na hapa Uganda. Basi kisa hiki si cha watu wa mbali. Barkhad alipewa nafasi ya kiongozi wa maharamia. Hakuwa amewahi kuigiza filamu. Ilibidi ajifunze hata kuogelea. Mwaka 2014 alipata tuzo ya BAFTA ya Uingereza kama mwigizaji msaidizi bora, na akateuliwa kuwania Oscar.

Sasa tazama upande wa pili wa sarafu. Iliripotiwa kwamba malipo yake kwa filamu hiyo yalikuwa dola 65,000, ilhali filamu iliingiza zaidi ya dola milioni 200 duniani. Baada ya kumaliza kupiga picha alirudi kuuza simu. Na sura ambayo mamilioni ya watu waliondoka nayo ni ya kijana mwembamba wa Kisomali mwenye bunduki, akijitangaza kuwa yeye ndiye nahodha sasa. Sentensi hiyo, ambayo aliibuni mwenyewe papo hapo, imegeuka mzaha wa mitandaoni mpaka leo.

Je, alifanya vibaya? Tulichambue swali hatua kwa hatua.

Hatua ya kwanza: je, kuigiza ni uongo? Tusilidharau hoja hii, kwa sababu wako wanazuoni wazito walioisimamia. Sheikh Bakr Abu Zayd aliandika kitabu kizima dhidi ya uigizaji. Kabla yake Sheikh Ahmad al-Ghumari wa Morocco aliandika kwamba ni haramu. Miongoni mwa hoja zinazotolewa upande huo ni kwamba mwigizaji anasema yasiyotokea, anajiita jina lisilo lake, na anawaiga waovu. Kwa upande mwingine, wanazuoni kama Sheikh Yusuf al-Qaradawi waliruhusu kwa masharti, wakitazama kinachoonyeshwa na lengo lake.

Mimi naielemea hoja ya wanaoruhusu, na sababu yangu ni maana ya uongo wenyewe. Uongo una mtu anayedanganywa. Mtu akija kwako akasema ametumwa na baba yako akuchukulie pesa, na hakutumwa, amekudanganya, kwa sababu wewe umeamini. Lakini mtazamaji aliyelipa kiingilio anajua kwamba yule si haramia, na mwigizaji anajua kwamba mtazamaji anajua. Hakuna aliyedanganywa. Tunasoma katika Surat Saad jinsi wagombanao wawili walivyompandia Nabii Daud (a.s.) na kumletea kesi ya kondoo, na wafasiri wengi wanasema walikuwa malaika waliokuja kwa sura hiyo ili ajizingatie. Tunaijua pia hadithi mashuhuri ya Jibril (a.s.) aliyekuja kwa sura ya mtu mwenye nguo nyeupe, akauliza maswali aliyoyajua majibu yake, ili masahaba wafundishike. Na wanafunzi wa Kiarabu miongoni mwetu wanazijua Maqamat za al-Hariri wa Basra, aliyefariki mwaka 1122. Mhusika wake mkuu ni tapeli mwenye ulimi mtamu anayewalaghai watu mji kwa mji. Vizazi vya wanazuoni vilikisoma kitabu hicho kwa ajili ya lugha yake, na mwandishi hakuhesabiwa kuwa tapeli.

Hatua ya pili: tukikubali kwamba kuigiza si uongo, je, kuigiza mtu mwovu si kuueneza uovu? Hapa jibu langu ni kwamba inategemea ubaya unaonyeshwaje. Qur'ani yenyewe inatusimulia Firauni, Qaruni, na ndugu waliomtupa Yusuf (a.s.) kisimani. Simulizi lisilo na ubaya halina mafunzo. Tofauti ni hii: msikilizaji anatoka akiutamani ubaya, au akiuelewa na kuuchukia? Haramia wa Barkhad hatamaniki. Ana njaa, anaogopa, ana wakubwa wanaomdai pesa kutoka nchi kavu, na katika mazungumzo yake na nahodha anataja meli za kigeni zilizokuja kuvua samaki katika bahari yao. Nahodha anapomwambia kwamba lazima kuna kazi nyingine mbali na kuvua na kuteka watu, kijana anajibu kwamba labda iko Marekani. Mtu aliyeisikiliza sehemu hiyo kwa makini hawezi kusema kwamba uharamia umepambwa.

Hatua ya tatu ndiyo nzito, na ndiyo inayotugusa. Hata kama nafasi moja haina uongo wala haipambi uovu, je, kuna kosa katika kuwa ushahidi pekee unaotolewa juu ya watu wako?

Fikirini mahakama. Shahidi anaitwa, anasema kweli, anaondoka. Lakini hakimu amekataa kuwaita mashahidi wengine wote. Kila neno lililosemwa ni kweli, na hukumu bado ni dhuluma. Mwaka 2021 watafiti wa chuo kikuu cha Southern California walitoa uchunguzi wa filamu 200 zilizopendwa sana kati ya 2017 na 2019, za Marekani, Uingereza, Australia na New Zealand. Filamu 181 hazikuwa na Mwislamu hata mmoja anayezungumza. Katika wahusika wote wanaozungumza, Waislamu hawakufika asilimia mbili. Hiyo ndiyo mahakama ninayoisema. Mtu wa kijiji cha mbali huko Ulaya hajawahi kuketi na Msomali hata siku moja, na Msomali pekee anayemjua ni yule mwenye bunduki.

Wala si Ulaya tu. Mimi niliiona filamu ile hapa hapa Uganda, katika kibanda cha video, VJ akiifasiri kwa Kiganda papo hapo kama ilivyo desturi. VJ yule, kama kawaida yao, alitia chumvi zake. Wale maharamia akawaita vijana wa Kisenyi. Kibanda kizima kilicheka. Kisenyi, kwa ndugu wasioijua Kampala, ni mtaa wenye maduka, hoteli na misikiti ya Wasomali. Mbele yangu walikaa vijana wawili wa Kisomali waliolipa kiingilio sawa na sisi. Wao hawakucheka, na waliondoka kabla filamu haijaisha. VJ hakuwa na nia mbaya, nadhani. Lakini nilielewa siku ile kwamba mhusika wa filamu haishi ndani ya filamu tu. Anatoka nje na kutembea mitaani, na anawakaa watu ambao hawakuulizwa.

Na hapa Uganda jambo hili lina uzito wake. Tarehe 11 Julai 2010 mabomu yalilipuka Kampala, katika uwanja wa raga wa Kyadondo na katika mgahawa huko Kabalagala, watu wakitazama fainali ya Kombe la Dunia. Zaidi ya watu 70 waliuawa. Al-Shabaab walikiri kuhusika. Mwenyezi Mungu awape subira waliopoteza jamaa zao. Baada ya siku ile, Msomali wa kawaida anayeuza chai au kubadilisha fedha alianza kutazamwa kwa jicho jingine. Kwa hiyo tukisema filamu ni filamu tu, tunasema hivyo kwa sababu si sura zetu zinazotazamwa.

Je, basi mgeni akatae kabisa kuusema ubaya wa watu wake mbele ya watu wa nchi nyingine? Nimelitafuta jibu katika sira, na naona liko mahali tunapopita kila siku bila kusimama.

Masahaba walipozidiwa na mateso Makka, baadhi yao walihamia Habasha. Maquraishi wakatuma wajumbe wenye zawadi ili warudishwe. Najashi akawaita wakimbizi wajieleze. Msemaji wao alikuwa Ja'far bin Abi Talib (r.a.). Alikuwa mgeni, hana silaha, na usalama wa wake kwa waume walio nyuma yake ulitegemea maneno atakayoyasema. Tunapenda kusimulia jinsi alivyosoma mwanzo wa Surat Maryam mpaka mfalme akalia. Lakini tunasahau alianza vipi. Alianza kwa kumweleza mfalme wa kigeni ubaya wa watu wake: kwamba walikuwa watu wa ujinga, wanaabudu masanamu, wanakula mizoga, wanafanya machafu, wanakata undugu, na mwenye nguvu miongoni mwao anamla mnyonge. Aliyasema hayo hadharani, katika baraza la ugenini, wajumbe wa Makka wakisikiliza.

Kwa nini hatusemi kwamba Ja'far aliwauza watu wake? Naona sababu tatu.

Kwanza, alisema kweli. Hakuongeza chumvi ili mfalme amwonee huruma zaidi.

Pili, alijitia ndani. Alizungumza kwa "sisi", hakuzungumza kwa "wao". Mtu anayesimulia ubaya wa nyumbani kwao kwa "wao", ili aonekane yeye pekee ndiye aliyestaarabika, huyo anajiuza. Anayesema "sisi" anabeba aibu pamoja na wenzake.

Tatu, hakuishia hapo. Alieleza pia yaliyofuata: Mtume (s.a.w.) aliyewajia, ukweli aliowaamrisha, amana, kuunga undugu, ujirani mwema. Ubaya ulikuwa sehemu ya kisa na haukuwa kisa chote.

Na siku ya pili, wajumbe waliporudi kwa hila, wakamwambia mfalme awaulize wakimbizi hawa wanasemaje juu ya Isa (a.s.), Ja'far hakuificha imani yake ili wabaki salama. Alisema kwamba ni mja wa Allah na Mtume wake. Siku ya kwanza alichagua cha kusoma, akaanza na kinachowakutanisha. Siku ya pili alipoulizwa waziwazi hakugeuza. Kuna tofauti kati ya kuchagua unachoonyesha na kukigeuza ukweli, na Ja'far alizijua zote mbili.

Nikiichukua mizani hii na kumpima Barkhad, naona hivi. Uharamia ulikuwepo kweli, hivyo sharti la kwanza limetimia. Sharti la pili pia naona limetimia kwa kiasi kikubwa, maana alimwigiza yule kijana kama mtu ambaye yeye mwenyewe angeweza kuwa, lau familia yake isingevuka bahari. Hakumcheka. Sharti la tatu ndilo lililopungua. Filamu inatupa sentensi chache tu juu ya nchi iliyovunjika tangu 1991, kisha inarudi kwa nahodha wa Kimarekani na familia yake. Lakini upungufu huo ni wa nani? Hakuiandika filamu yeye, wala hakuiongoza, wala hakuwa na fedha ndani yake. Alikuwa mmoja wa mamia waliopanga foleni. Kumbebesha mzigo wa waandishi, waongozaji na wenye mitaji ni kumwacha mwenye shamba na kumpiga kibarua.

Tena tutazame alichofanya baadaye, baada ya kupata jina. Katika filamu ya Eye in the Sky ya mwaka 2015, ambayo kisa chake kiko Eastleigh, Nairobi, aliigiza Msomali anayefanya kazi na serikali ya Kenya. Ndege ya kivita iko juu, wakubwa wanabishana ofisini, na binti mdogo anauza mikate pembeni mwa nyumba itakayopigwa. Mhusika wa Barkhad anahatarisha maisha yake kujaribu kuinunua mikate yote ili mtoto aondoke. Mtu aliyeingia kwa mlango wa haramia alifika kwenye nafasi hiyo. Sisemi kwamba mwisho mwema unahalalisha kila mwanzo. Ninasema tu kwamba safari ya mgeni haihukumiwi kwa kituo cha kwanza.

Hayo ni ya mtu wa mbali. Lakini swali hili lilinijia pia mlangoni.

Ndugu mmoja wa Kisomali aliyekulia Kisenyi, ambaye tumesali naye safu moja mara nyingi, anapenda uigizaji kuliko kitu chochote. Mwaka jana aliitwa katika usaili wa filamu inayotengenezwa Kampala, akapata. Nafasi yenyewe: kijana anayelipua basi. Alikuja kwangu na skripti kwenye simu, akasema, "Sheikh, wewe ndiye unayesoma mambo haya. Niambie." Nikamwambia mimi si sheikh, akacheka, akasema hana mwingine wa kumuuliza asiyemfukuza.

Tuliisoma skripti yote usiku mmoja. Mhusika hakuwa na jina, aliandikwa tu "Msomali". Hakuwa na mama, rafiki, wala siku moja kabla ya ile ya bomu. Kitu pekee alichofanya kabla ya kupanda basi ni kuswali na kusoma Qur'ani kwa sauti. Hakukuwa na Mwislamu mwingine katika kisa kizima. Hata ndani ya basi, katika mji huu uliojaa Waislamu, hapakuwa na Mwislamu miongoni mwa waliokufa.

Nikamwambia kwamba ubaya wenyewe si kizuizi, kwa sababu mambo hayo yametokea na watu wamekufa kweli. Kizuizi ni kwamba hapa swala ndiyo imefanywa sababu ya bomu, na hakuna mtu mwingine anayeswali ili mtazamaji aone tofauti. Hiyo si kweli iliyopunguzwa. Ni kweli iliyogeuzwa. Nikamshauri aombe mambo mawili: mhusika apewe jina, na ndani ya basi awepo abiria mmoja Mwislamu. Hakuomba nafasi ibadilishwe wala mlipuaji awe mtu mwema.

Alikwenda akaomba kwa adabu. Akajibiwa kwamba wako wengine kumi wanaoisubiri nafasi hiyo, achukue kama ilivyo au aache. Akaacha. Aliniambia kiasi cha fedha alichokuwa alipwe, na kilikuwa kodi ya chumba cha mama yake kwa miezi mitano. Bado anauza vifuniko vya simu. Filamu, kwa nilivyosikia, ilipata kijana mwingine.

Ninaandika haya kwa sababu mtu anayetoa ushauri wa kidini aone pia bei yake. Ni rahisi sana kwangu mimi, ninayelipiwa ada, kumwambia mwenzangu aache. Naona alifanya sawa, na ningemwambia vilevile leo. Lakini kama sisi tunataka vijana wetu wakatae nafasi mbovu, ni lazima tujiulize tumewaandalia nafasi gani nzuri.

Hapa ndipo inapokuja fardhi kifaya. Tunaijua sote tangu madrasa: jambo ambalo likifanywa na baadhi, wengine wamepumzika, na lisipofanywa na yeyote, wote wana dhambi. Tunaitaja katika swala ya maiti, na wanazuoni wetu wanaitaja pia katika utabibu na fani ambazo jamii haiwezi kuishi bila hizo. Mimi nauliza: je, kujisimulia kwa ukweli si miongoni mwa mahitaji hayo, katika zama ambazo mtu wa upande wa pili wa dunia anatujua kwa kioo tu? Kama jibu ni ndiyo, basi tunapokaa bwenini tukimlaani mwigizaji fulani kwa kuigiza gaidi, nusu ya lawama inaturudia. Yeye alisimama mbele ya kamera kwa sababu aliitwa. Sisi hatukuandika hata ukurasa mmoja ambao angeitiwa.

Msiniambie hatuna uwezo. Hapa Kampala, mtaa wa Wakaliga, Isaac Nabwana alitengeneza filamu ya Who Killed Captain Alex mwaka 2010 kwa vifaa vya kuunga unga, na leo inatazamwa duniani kote. Sisemi tuige mapigano yake. Ninasema fedha si udhuru wa kwanza. Na Mustapha Akkad, kijana aliyeondoka Aleppo, Syria, akaenda Marekani kusomea filamu, ndiye aliyeitengeneza The Message mwaka 1976. Aliitengeneza mara mbili, kwa Kiarabu na kwa Kiingereza, na waigizaji mbalimbali, bila kuonyesha sura wala sauti ya Mtume (s.a.w.). Alipata upinzani mkubwa, na wapo wanazuoni ambao hawakuiridhia mpaka leo. Lakini alikuwa mgeni ambaye hakungoja kupewa nafasi. Yeye mwenyewe aliuawa mwaka 2005 katika mabomu ya mahoteli ya Amman, pamoja na binti yake. Mtu aliyetumia umri wake kuueleza Uislamu kwa walimwengu aliuawa na watu wanaodai kuupigania.

Kwa hiyo, kwa ndugu yeyote miongoni mwetu ambaye kesho atakuwa Minneapolis, London, Muscat au Nairobi, na akaitwa kuigiza, nampa maswali niliyoyatoa kwenye kisimamo cha Ja'far. Je, hiki ninachokionyesha kilitokea au kinaweza kutokea kwa kweli, au kimebuniwa ili watu wachukiwe? Je, ninamwigiza mtu huyu kama mmoja wetu, au ninamcheka ili nionekane mimi si kama wao? Je, katika kisa hiki kuna chochote zaidi ya ubaya, na kama hakuna, je, nimejaribu kuomba kiwepo? Na juu ya hayo kuna mipaka tunayoijua sote, ya staha, ya maneno, ya kutocheza na ibada, ambayo haibadiliki kwa sababu ya kamera.

Akijibu maswali hayo kwa uaminifu na akaona aingie, aingie, nasi tumdhanie wema. Akiona aache, aache, nasi tumsaidie kodi. Namaanisha hivyo hasa: tumsaidie kodi. Jumuiya yetu ina mfuko wa wanafunzi wenye shida, na sijaona kwa nini kijana aliyekataa pesa kwa ajili ya dini yake asihesabiwe miongoni mwa wenye haki nao, hata kama si mwanafunzi.

Na wale wenye kalamu, wenye simu nzuri, wenye sauti, tuna likizo ndefu mbele yetu. Yule ndugu wa Kisenyi bado anajua kuigiza. Anachokosa ni kisa. Anayetaka kukiandika anitafute baada ya swala ya Alasiri.

Wabillahi tawfiq.